Volti Ngapi, na Kati ya Wapi na Wapi?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na walimu wa fizikia. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, na wageni wetu: asanteni kwa kuja. Sogeeni mbele, viti bado vipo, maana leo nitauliza maswali na nitataka majibu.

Naanza na hili. Mtu amevaa soksi, anatembea juu ya zulia huku akiburuta miguu, na hewa ni kavu. Ananyoosha mkono kushika kitasa cha mlango, kitasa cha chuma. Tap! Cheche inaruka, kidole kinauma, na baada ya dakika moja amekwisha kusahau. Kabla cheche ile haijaruka, kati ya kidole chake na kitasa kulikuwa na volti ngapi? Haya, semeni. Nasikia kumi. Nasikia mia mbili. Pandeni zaidi! Ni maelfu ya volti, na hewa ikiwa kavu sana zinaweza kufika 10,000.

Sasa tazameni betri ya gari. Volti 12, imeandikwa hapo ubavuni. Fundi akiangusha spana ikalala juu ya vichwa vyote viwili vya betri, chuma kinapata moto mara moja, cheche zinaruka, na spana inaweza kujichomelea palepale. Elfu kumi zimeuma kidole tu. Kumi na mbili zinayeyusha chuma. Inawezekanaje?

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo mlango wa kila kitu nitakachosema leo. Mwili wa binadamu ukisimama hivi una uwezo wa kubeba chaji, yaani kapasitansi, wa takriban pikofaradi 100. Hiyo faradi tutaifikia. Kwa volti 10,000, chaji iliyokusanyika mwilini ni sehemu moja ya milioni ya kulombi. Nishati yake ni nusu ya chaji hiyo mara volti, na hiyo nusu nina deni la kuieleza baadaye: jouli 0.005. Sehemu tano tu za elfu ya jouli! Ndiyo maana unasahau. Betri ya gari, ile ya kawaida ya ampea-saa 50, inaweza kusukuma kulombi 180,000, na kila kulombi moja inatoka na jouli 12. Zidisha: jouli 2,160,000. Betri yenye volti chache ina nishati zaidi ya mara milioni 400 ya mtu mwenye volti nyingi.

Kwa hiyo volti hazituambii umeme ni mwingi kiasi gani. Naomba nirudie, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotelea: volti hazituambii umeme ni mwingi kiasi gani. Zinatuambia kila kulombi moja itatoa au itadai jouli ngapi ikihamishwa kutoka nukta moja hadi nyingine. Volti moja ni jouli moja kwa kila kulombi moja. Ukitaka kujua nishati yenyewe, lazima uulize swali la pili: ni kulombi ngapi zilizohama?

Na humo ndani ya maana hiyo kuna maneno mawili ambayo vitabu huyataja mara moja kisha huyaacha: kutoka na hadi. Kutoka wapi? Hadi wapi? Ndugu zangu, mkitoka hapa leo na kitu kimoja tu, kiwe hiki: kila mtu akikutajia volti, muulize, kati ya wapi na wapi?

Tofauti hiyo ya volti kati ya nukta na nukta ni tofauti ya potensheli. Wazo hili la potensheli lina historia ninayoipenda sana, na sitaipita bila kuisimulia.

Mjini Nottingham, Uingereza, alikuwepo kijana aitwaye George Green, mtoto wa mwoka mikate aliyemiliki pia kinu cha upepo cha kusagia nafaka. Shule aliikalia kama mwaka mmoja tu, akiwa na miaka minane hivi, kisha akarudi kazini kwa baba yake. Hisabati aliisoma peke yake. Mwaka 1828 akachapisha kwa gharama zake insha ndefu kuhusu hisabati ya umeme na sumaku. Walioilipia kabla ilikuwa watu 51, na sidhani kama wengi wao waliielewa. Humo ndani Green aliandika neno ambalo leo liko kwenye kila kitabu chenu: potensheli.

Alikuwa ameona nini? Kabla yake, ukitaka kujua chaji zinavyosukumana, ulifuata sheria ya Coulomb ya mwaka 1785: kani kati ya chaji mbili hupungua kwa mraba wa umbali. Sawa. Lakini kani ina mwelekeo. Ukiwa na chaji mia moja, kila moja inasukuma upande wake, na kila nukta ya nafasi inakudai namba tatu. Green akaonyesha kwamba unaweza kuipa kila nukta namba moja tu isiyo na mwelekeo, ukajumlisha namba hizo kama unavyojumlisha namba za kawaida, kisha kani ikajitokeza yenyewe kutokana na jinsi namba hiyo inavyobadilika toka nukta hadi nukta. Fikirini mlima. Ukijua mwinuko wa kila mahali, huhitaji kuambiwa jiwe litabingirika upande gani. Litafuata mteremko, na pale mteremko ulipo mkali ndipo jiwe linaposukumwa kwa nguvu zaidi. Potensheli ni mwinuko wa umeme. Uga wa umeme ni ukali wa mteremko wake.

Green alifariki mwaka 1841 na insha yake haikuwa imesomwa na karibu yeyote. Mwaka 1845 kijana wa Cambridge, William Thomson, yule tunayemjua baadaye kama Lord Kelvin, akapata nakala kutoka kwa mwalimu wake, akaenda nayo Paris, na wanahisabati wa huko wakashangaa kuona kazi waliyokuwa wakiihangaikia imekwisha kufanywa na msaga nafaka wa Nottingham miaka 17 iliyopita. Thomson akahakikisha imechapishwa upya katika jarida la hisabati la Berlin. Mwanafunzi unayeketi pale nyuma na kudhani fizikia si ya watu kama wewe, nakuomba umkumbuke Green.

Turudi kwenye mwinuko, kwani una mambo mawili ya kutufundisha. La kwanza: sifuri ni uamuzi wetu. Mwinuko wa mlima tunaupima kutoka usawa wa bahari, lakini hakuna kinachotuzuia kuupima kutoka chini ya bonde. Kwenye umeme mara nyingi tunaiita ardhi sifuri, au tunaita mbali kabisa na chaji zote sifuri. Kubadilisha sifuri hakubadilishi chochote kinachotokea, kwa sababu kinachofanya kazi ni tofauti. La pili ni la umeme peke yake: chaji ziko za aina mbili. Chaji chanya ikiachiwa huteremka potensheli. Elektroni ikiachiwa hupanda! Mlima haujabadilika, nishati ya elektroni ndiyo inayopungua ikipanda, kwa kuwa nishati ni chaji kuzidisha potensheli, na chaji yake ni hasi. Mkilishika hili vizuri, nusu ya makosa ya alama kwenye mitihani yatakwisha.

Sasa nauliza. Ndege ametua juu ya waya wa umeme, waya ulio wazi, wenye maelfu ya volti. Kwa nini hafi?

Nani amesema ana miguu mikavu? Hapana. Ana ngozi nene? Hapana. Uliza lile swali! Maelfu ya volti kati ya wapi na wapi? Kati ya waya na ardhi. Na ndege hagusi ardhi. Mguu wake mmoja uko kwenye waya, mguu wa pili uko kwenye waya uleule, sentimita chache pembeni. Tofauti kati ya mguu na mguu ni ndogo mno. Akinyoosha bawa likagusa waya wa pili, au nguzo ya chuma iliyounganishwa na ardhi, hapo jibu la kati ya wapi na wapi linabadilika, na ndege anakufa. Waya ni uleule, ndege ni yuleyule.

La pili linawahusu ninyi wenyewe. Siku ya mbingu safi, mahali pa wazi, kila ukipanda mita moja kutoka ardhini potensheli ya hewa inaongezeka kwa takriban volti 100. Basi kati ya nyayo zako na kichwa chako mbona husikii volti zaidi ya mia moja? Kwa sababu mwili wako unapitisha umeme na umegusana na ardhi. Chaji kidogo sana zikisogea ndani yako, mwili mzima unakuwa na potensheli moja, ile ya ardhi, na uga wa hewani unapinda kukuzunguka. Ukisimama pale, ramani ya potensheli inabadilika. Ningetamani kila mwanafunzi aichore ramani hiyo kwa mkono wake angalau mara moja, mistari inavyobanana juu ya kichwa cha mtu aliyesimama.

Hayo ni ya potensheli. Tuje kwenye kapasita, na hapa nitakaa zaidi.

Mwaka 1745 watu walikuwa na mashine za kusugua kioo na kupata cheche. Tatizo lilikuwa kuuhifadhi umeme huo. Kanuni iliyokubalika na mabingwa ilikuwa hii: ukitaka chaji isikimbie, kiweke chombo chako juu ya kihami, juu ya nta au kioo, na usikiguse. Kanuni nzuri, yenye mantiki.

Kule Pomerania kasisi mmoja, Ewald Georg von Kleist, akajaribu kuchaji chupa ndogo yenye kimiminika akiwa ameishika mkononi, akapigwa na mshtuko ambao hajawahi kuuona. Akawaandikia wengine, lakini waliojaribu kumfuata walishindwa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1746, huko Leiden, Uholanzi, maabara ya Profesa Pieter van Musschenbroek ilikuwa ikijaribu kuchaji maji ndani ya chupa. Alikuwepo mgeni, mwanasheria Andreas Cunaeus, aliyekuja kujifurahisha na majaribio. Cunaeus hakuijua kanuni ya mabingwa. Akaishika chupa kwa mkono mmoja, akachaji maji kupitia waya, kisha kwa mkono wa pili akaugusa ule waya. Kilichompata kilimtetemesha mwili mzima. Musschenbroek alipojaribu mwenyewe, akamwandikia mwenzake Réaumur huko Paris kwamba hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa hatarudia.

Swali langu: mkono ulifanya nini? Kwa nini chupa iliyotengwa vizuri ilihifadhi umeme kidogo, na iliyoshikwa ovyo ikahifadhi mwingi?

Jibu ndilo kapasita yenyewe. Chaji chanya inapoingia kwenye maji, zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, na potensheli ya maji inapanda haraka. Ikifika pale mashine inapoishia, hakuna kinachoingia tena. Lakini mkono ukiwa nje ya kioo, mwili wa mtu unagusa ardhi, na chaji hasi zinavutwa kutoka ardhini hadi kwenye kiganja, zinabanana upande wa nje wa kioo. Hizo hasi zinaishusha potensheli ya ndani. Kwa hiyo kwa volti zilezile za mashine, chaji nyingi zaidi inaingia. Na nyingine. Na nyingine. Mkono wa Cunaeus ulikuwa bamba la pili.

Basi mnaona kapasita ni nini: vipitishi viwili vinavyotazamana, na kihami katikati. Chanya huku, hasi kule, kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana nikisema kapasita ina chaji ya kulombi fulani, kwa ujumla wake haina chaji yoyote ya ziada. Imetenganisha tu. Wanafunzi wengi wanashtuka wakilisikia hili, na ni vizuri washtuke.

Mwaka huohuo wa 1746, Padri Jean-Antoine Nollet aliwapanga walinzi 180 mbele ya Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, wameshikana mikono. Wa kwanza ameishika chupa, wa mwisho anagusa waya wake. Wote wakaruka kwa pamoja. Akarudia Paris na watawa wa Carthusian, mlolongo mrefu zaidi, nao wakaruka. Yule wa katikati, ambaye hakugusa chupa kabisa, kwa nini aliruka? Kati ya wapi na wapi? Kati ya nje ya chupa na ndani yake, na njia pekee ilipita kifuani mwake. Msijaribu mchezo huu. Chupa kubwa ya namna hiyo inaweza kuua.

Alessandro Volta ndiye aliyeweka uhusiano sawasawa: chaji inayokaa ndani ni zao la vitu viwili, uwezo wa chombo na mkazo wa umeme. Leo tunaandika Q ni sawa na C mara V. C ni kapasitansi, tunaipima kwa faradi, kwa heshima ya Michael Faraday, ambaye mwaka 1837 alionyesha kwamba kioo, salfa na vihami vingine vikijaza nafasi badala ya hewa, kapasitansi inaongezeka. Kwa mabamba mawili bapa kanuni ni nyepesi: eneo likiwa kubwa, kapasitansi inakuwa kubwa, nafasi ikiwa nyembamba, inakuwa kubwa vilevile.

Faradi moja ni kubwa kiasi gani? Chukueni mabamba mawili yaliyotengwa kwa milimita moja ya hewa. Ili yapate faradi moja, kila bamba lazima liwe na kilomita za mraba zipatazo 113. Zaidi ya kilomita kumi kwa kumi! Ndiyo sababu kwenye vifaa vya kawaida mnakutana na mikrofaradi, sehemu ya milioni ya faradi, na pikofaradi, sehemu ya milioni ya mikrofaradi. Na ndiyo sababu watengenezaji wa kapasita hawakimbilii kuongeza eneo peke yake. Wanakimbilia kupunguza unene. Ukipunguza nafasi mara elfu, unapata kapasitansi mara elfu bila kuongeza hata kipande cha bamba.

Hapo kwenye unene kuna hadithi ambayo, kwa maoni yangu, inapaswa kuwa kwenye kila kitabu cha fizikia cha mwanzo, na siioni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 hakuna aliyekuwa ameuona utando wa seli. Hadubini za mwanga haziwezi kuonyesha kitu chembamba hivyo, na hadubini ya elektroni ilikuwa haijazaliwa. Wengine hata walitilia shaka kama utando upo. Mwanafizikia Hugo Fricke, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, akachukua damu, akapitisha ndani yake umeme wa kubadilika mwelekeo kwa kasi mbalimbali. Kwa kasi ndogo, umeme ulizizunguka chembe nyekundu kana kwamba ni punje za kioo. Kwa kasi kubwa sana, ukazipenya. Nani anajua kifaa kinachozuia umeme wa mwendo wa polepole na kuruhusu wa haraka? Naam! Kapasita. Ndani ya chembe kuna majimaji yenye chumvi, yanapitisha umeme. Nje yake, vilevile. Katikati kuna kitu kisichopitisha.

Mwaka 1925 Fricke akatoa namba: mikrofaradi 0.81 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa tumieni kanuni ileile ya mabamba bapa, ile mnayoifanyia mazoezi. Eneo tunalo. Kapasitansi tunayo. Kihami tukikichukulia kuwa cha mafuta, kinaongeza kapasitansi kama mara tatu kuliko ombwe. Kilichobaki ni unene. Jibu: nanomita 3.3. Unene wa molekuli moja au mbili! Bila kuuona utando, kwa kuhesabu kapasita, mtu aliupima. Mwaka huohuo, watafiti Evert Gorter na François Grendel walikamua mafuta kutoka kwenye chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili, yaani utando una tabaka mbili. Walifanyia kazi hiyo Leiden, mji uleule wa chupa ya Musschenbroek.

Leo tunajua kati ya ndani na nje ya seli ya neva iliyotulia kuna kama sehemu 70 za elfu ya volti. Ni kidogo, sivyo? Lakini kumbukeni mlima: ukali wa mteremko unategemea pia umbali. Hesabu ya Fricke ilitupa tabaka la mafuta tu; sasa gawanyeni kwa unene mzima wa utando, tuseme nanomita 7. Mnapata volti milioni 10 kwa kila mita. Hewa ya kawaida hupasuka na kutoa cheche kwa volti milioni 3 kwa mita. Uga ulio ndani ya utando wa neva zenu, sasa hivi mnaponisikiliza, unazidi ule unaotoa cheche hewani. Kila wazo linalowapitia linabebwa na kapasita zikichajiwa na kuachiliwa.

Sasa deni langu: ile nusu. Nishati ya kapasita ni nusu ya chaji mara volti. Kwa nini nusu? Kwa sababu chaji haiingii kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba. Chembe ya kwanza inakuta mabamba matupu, hakuna kinachoipinga. Chembe ya mwisho inapanda mwinuko mzima. Kwa wastani kila moja imepanda nusu. Ni hivyo tu, na mtu yeyote anayeijua maana hahitaji kukariri.

Swali gumu zaidi: nishati hiyo iko wapi? Juu ya mabamba? Ndani ya chaji? Tujaribu kwa mawazo. Chaji kapasita, kisha uiondoe kwenye betri. Chaji haina pa kwenda. Sasa yavute mabamba mpaka umbali uwe mara mbili. Kapasitansi imekuwa nusu, chaji ni ileile, kwa hiyo volti zimekuwa mara mbili na nishati imekuwa mara mbili. Nani amelipa? Betri haipo. Ni mkono wako! Mabamba yanavutana, umeyatenganisha kwa kazi. Na nini kimeongezeka? Uga kati ya mabamba una ukali uleule, chaji ni zilezile. Kilichoongezeka ni nafasi. Nafasi imekuwa maradufu, nishati imekuwa maradufu. Kila mita ya ujazo yenye uga huo inabeba kiasi chake cha nishati. Nishati iko pale katikati, mahali tunapoona hamna kitu.

Na si mchezo wa mezani. Mwaka 1782 Volta alieleza kifaa alichokiita kondensatore: bamba la chuma linawekwa karibu sana na lingine, linachajiwa na umeme hafifu usioweza kusogeza kipimo chochote, linatengwa, kisha linainuliwa. Volti zinapanda, na vijiti vya kipimo vinatanuka. Kwa njia hiyo aliweza kuutambua umeme mdogo unaotokana na metali mbili kugusana, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye betri ya mwaka 1800.

Hewa ina kikomo, nimesema, milioni 3. Kwa kikomo hicho mita moja ya ujazo wa hewa haiwezi kubeba zaidi ya takriban jouli 40, nishati ya kuinua kilo moja kwa mita nne. Kapasita si ghala kubwa. Sifa yake ni kasi. Taa ya kamera yenye mikrofaradi 100 kwa volti 300 ina jouli 4.5 tu, lakini ikizimwaga katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, nguvu yake kwa muda huo ni wati 4,500. Mwaka 1962 daktari Bernard Lown na wenzake huko Boston walichapisha njia ya kurekebisha mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa kuachilia kapasita moja kifuani kwa wakati uliopimwa. Mikrofaradi 32 kwa volti 5,000 ni jouli 400. Na kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ile aliyoibuni Robert Dennard mwaka 1966, kila biti ni kapasita ndogo inayovuja, hivyo inajazwa upya kila baada ya sehemu chache za mia ya sekunde.

Kwa mafundi vijana waliopo hapa: kuzima swichi hakuiondoi chaji iliyokwisha kuingia. Kapasita kubwa inaweza kubaki na volti zake muda mrefu. Ipime kati ya ncha na ncha, iachilie kupitia rezista, ipime tena, ndipo uiguse.

Nawaachia zoezi, na majibu tutayajadili sasa hivi kwenye maswali. Chukueni kapasita ile ya kamera, mikrofaradi 100, volti 300, jouli 4.5. Iunganisheni kwa waya na nyingine inayolingana nayo ambayo ni tupu. Chaji inagawanyika sawa, kila moja inabaki na volti 150. Hesabuni nishati ya zote mbili. Mtapata jouli 2.25. Chaji haikupotea hata kidogo, lakini nusu ya nishati haipo. Mkiweka waya mnene, nusu haipo. Mkiweka waya mwembamba, ni nusu ileile. Nitawadokezea kwamba waya unapata joto, kwamba cheche hutoa mwanga na sauti, na kwamba redio iliyo karibu hukwaruza wakati mnaunganisha. Lakini nataka mniambie kwa nini ni nusu kamili, vyovyote waya ulivyo.

Haya, mkono wa kwanza nauona pale kushoto. Karibu.